Kiti cha Mtoto wa Dhiki

Sehemu ya Tisa

"Ishia hapo hapo," alisema Mwenyekiti wa jopo. "Hadithi hii tumeshaisikia leo asubuhi."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na nimesikia kuna watu wamenisema vibaya wiki nzima. Haya, nimerudi. Sindano bado yuko kwenye kile kiti, mdomo wazi, namba thelathini na mbili imebanwa kifuani kwa pini.

Kwa mliochelewa, nawapa kwa ufupi. Sindano ni binti wa fundi cherehani, mwembamba kama jina lake la utani. Anakitaka Chuo cha Udaktari tangu ajue kusoma. Waombaji ni maelfu, viti vya kuhesabu, na kila mwaka kiti kimoja tu hutengwa kwa mtoto aliyesoma kwa dhiki. Huyo hata alama zake zikipungua kidogo anasamehewa, na chuo kinamsomesha bure mpaka atoke daktari. Sindano akikikosa kiti hicho, maisha yake yaliyobaki ni kushona vifungo vya watu.

Na ili haki itendeke, eti, jopo haliruhusiwi kujua jina la msailiwa, wala mtaa wake, wala shule aliyosoma. Ni namba tu. Unaingia, unasimulia mateso yako, wanapima nani kateseka zaidi. Mnacheka? Chekeni, lakini ndivyo walivyokubaliana wenye elimu zao.

"Mmeisikia wapi?" Sindano aliuliza.

Profesa aliyekaa kulia kwa Mwenyekiti akaanza kuhesabu kwa vidole. "Baba jela, kwa kuiba nyaya kwenye ghala alilokuwa analilinda. Mama fundi. Mtoto hana daftari, anaandika masomo kwa chaki ya fundi juu ya vitambaa vya wateja, anakariri, anafuta kabla mama hajakata. Namba Saba ametueleza yote hayo. Tena yeye ametueleza vizuri kuliko wewe."

"Lakini hayo ni maisha yangu!"

"Na yeye amesema ni yake."

Hadithi ile Sindano aliwahi kuitoa mdomoni mara moja tu, mahali pamoja tu: sebuleni kwa Mama Shela.

Mama Shela mnamkumbuka. Ndiye mwenye duka la magauni na mashela ya harusi, ndiyo maana wakamwita hivyo, na ndiye anayempa mama yake Sindano kazi zote za kushona. Mwezi uliopita alimkalisha Sindano kwenye kochi lake, akamshika mkono. "Nisimulie, mwanangu. Nikufanyishe mazoezi ya usaili. Usifiche kitu, maana wale watu wanapenda ukweli."

Sindano akasimulia yote, mpaka ya jela, siri ambayo mama yake alimwapisha asiitoe hata akiwa anakata roho. Mama Shela akalia machozi ya kweli kabisa. Pembeni alikuwepo mwanawe wa pekee, anayemwita Kipenzi, ameshika simu. Sindano alidhani anacheza gemu.

"Mwiteni Namba Saba," aliamuru Mwenyekiti.

Mlango ukafunguliwa, Kipenzi akaingia taratibu, kichwa chini, mikono nyuma. Nywele hazijachanwa. Na shati alilovaa lilikuwa na viraka viwili, kimoja begani, kingine kwenye kiwiko.

Sindano alivitambua vile viraka kama mtu anavyowatambua ndugu zake. Mama yake ndiye aliyevishona, huku akicheka peke yake: "Shati jipya kabisa, halafu mwenyewe anasema viraka vionekane! Fasheni za wenye pesa hizi, mwanangu. Tutaona mengi."

"Huyo ni mtoto wa tajiri!" Sindano alipiga kelele. "Ana gari la kumpeleka mpaka chooni!"

Kipenzi alimgeukia kwa upole. Mnafiki huyu ana sura ya kumkabidhi mtoto mchanga. "Dada yangu, sikulaumu. Dhiki inaweza kumfanya mtu achukue hata kisicho chake. Mimi nimeshakusamehe."

"Unanisamehe mimi? Mwizi mkubwa wewe!"

"Lugha, Namba Thelathini na Mbili," Profesa alikaripia, na akaandika kitu.

Mwenyekiti alivua miwani. Mama huyu ni daktari wa upasuaji, mikono yake imepita kwenye matumbo ya watu wengi, na anaamini kwamba uongo anauona kama uvimbe. "Nitawauliza swali moja wote wawili," alisema. "Mtu asiyeishi na fundi hawezi kulijibu. Chaki ya fundi inafutwaje?"

Sindano karibu acheke kwa furaha. Swali la mtoto mdogo!

"Inategemea na chaki, mheshimiwa. Ya unga unaipiga brashi. Ya nta unaipitishia pasi inapotea. Ila kwenye kitambaa cheupe usiipitishie, inaacha doa la mafuta."

"Namba Saba?"

Kipenzi alifumba macho. Akanyamaza kidogo, kama alivyofundishwa. "Kwenye kitambaa inafutika, mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa moyoni haijafutika mpaka leo."

Karani wa jopo alitoa leso akapenga kamasi.

"Huo ndio moyo wa daktari," alisema Profesa. Akamgeukia Sindano. "Jibu lako wewe limekaa kama maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni."

"Lakini la kwangu ndilo sahihi!"

"Hakuna anayebisha. Ila limekaa kama la mtu aliyekariri."

Nyinyi mnaosoma hapo, msichane gazeti. Bado hamjaona kitu.

"Basi," alisema Mwenyekiti. "Tufuate kanuni ya mwisho. Tutawapigia simu wazazi wenu, wote wawili, sasa hivi. Hatujitambulishi, ili asijiandae mtu. Wazazi hawana sababu ya kudanganya. Na msailiwa atakayefungua mdomo simu ikiwa hewani, hata kwa neno moja, amejiondoa mwenyewe. Mmeelewa?"

Kanuni hiyo wasailiwa hawaambiwi kabla. Sindano hakuwahi kuisikia. Kipenzi alikuwa anakagua kucha zake, na kwa jinsi alivyotulia, mtu mwenye macho angejua kwamba mwenzetu aliijua tangu zamani.

Karani akaanza na simu ya mama wa Namba Saba. Akaiweka spika, katikati ya meza.

"Haloo?" ilijibu sauti ya mwanamke aliyechoka sana. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda.

"Mama, samahani. Tunauliza hali za familia. Unafanya kazi gani?" karani aliuliza.

"Fundi, baba. Nashona. Siku nyingine kazi ipo, siku nyingine hakuna."

"Na baba wa watoto yuko wapi?"

Ikasikika kwikwi. "Naomba usiniulize hilo, baba yangu. Naona aibu." Kwikwi nyingine. "Yuko ndani. Jela. Mwanangu amekua bila baba. Anaandika masomo yake juu ya vitambaa vya watu."

Karani alipenga tena.

Lakini Sindano hakuwa anamsikiliza Mama Shela. Alikuwa anasikiliza ile cherehani. Ilikuwa inakwenda, inakwenda, halafu inagonga. Inakwenda, inakwenda, halafu inagonga. Duniani kuna cherehani moja tu yenye pedali iliyofungwa kwa waya inayogonga namna ile. Mwanamke yule alikuwa amesimama kizingitini kwao, anajifanya mama yake, huku mama yake mwenyewe yuko ndani anamshonea gauni la harusi!

Sindano alisimama. Karani akamnyooshea kidole: neno moja tu, umejiondoa. Akaketi. Akajiuma mkono.

"Asante, mama. Mungu akutie nguvu," alisema Mwenyekiti, na simu ikakatwa. "Sasa mama wa Namba Thelathini na Mbili."

Simu ikaita. Sindano aliomba kimoyomoyo kwa maombi yote aliyowahi kufundishwa. Mama, sema kweli. Leo tu, mama, sema kweli.

"Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyeinua shingo. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mama, samahani. Tunauliza hali za familia. Mume wako yuko wapi?"

"Mume wangu? Yuko kazini. Anajenga barabara huko mbali, analeta matumizi kila mwezi. Kwani wewe ni nani?"

"Hajawahi kupata matatizo na sheria?"

"Ishindwe! Mume wangu mimi? Mtu aliyetulia vile! Nani amekutuma?"

"Tunauliza tu, mama. Nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Tunakula mpaka tunasaza! Hivi sasa nyama iko jikoni, unataka nikuletee harufu?"

Kwa nyuma mwanamke mwingine alicheka. "Mwambie, shoga yangu! Mwambie!"

Profesa aliinua kichwa. "Sauti hiyo," alianza kusema, "kama tumeisikia..." Mwenyekiti akamwonyesha saa ya ukutani. Muda wa chakula cha mchana ulikuwa umepita, na Profesa ni mtu wa tumbo lake. Akanyamaza.

"Swali la mwisho, mama. Binti yako amesoma katika mazingira gani?"

"Amesoma kwa raha zake. Ana meza yake, ana taa yake, ana madaftari mapya kila muhula. Yule ni malkia wangu, hajawahi kushika hata kifungo. Umeridhika? Sasa kawaambie hao waliokutuma kwamba kwangu hakuna siri ya kuchimba." Akakata simu yeye mwenyewe.

Mimi ningepiga kelele. Na wewe unayesoma ungepiga kelele. Lakini mtoto yule alikuwa bado anaamini kwamba akiitii sheria yao, sheria itamlinda. Alikaa kimya kama maji mtungini, damu ikimtoka mkononi alipojiuma, mpaka taa ya simu ilipozima.

"Anaficha!" alilipuka. "Mama yangu anaona aibu! Majirani wote wameambiwa baba yuko barabarani! Yule mwanamke mwingine yuko nyumbani kwetu, amesimama mlangoni kwetu, nendeni mkaone! Nendeni basi!"

"Sheria haituruhusu kujua mtaa wako," alisema Mwenyekiti. Na alisema kwa masikitiko ya kweli, ndiyo maana hasira zinanipanda ninapoandika. "Umetudanganya, binti. Hilo ningeweza kulisamehe. Lakini umemfunga jela baba yako mzazi, mtu anayevunja mawe barabarani ili wewe usome. Chuo hiki hutakiomba tena, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote. Namba Saba, hongera. Kiti ni chako."

Kipenzi alipiga magoti akalia. Sindano aliondolewa na walinzi wawili. Pini ya namba yake ilichomoka na kipande cha blauzi.

Mama yake alimpokea mlangoni anang'aa kwa ushindi.

"Njoo ukae nikusimulie, utacheka!" alisema, akisogeza vitambaa kitandani apate pa kumkalisha. Chumba chao ni kimoja, na nusu yake ni cherehani. "Leo wamepiga watu hapa kuniulizia habari za baba yako. Nimewapa za uso!"

Sindano aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Yaani, Mungu akipenda kukusitiri anakusitiri. Mama Shela alikuja kujaribu gauni la mteja. Akatoka nje kidogo kuzungumza na simu, aliporudi akaniambia, shoga, kuna wambeya wanapigia watu simu leo, wanachimba siri za nyumba za watu, mimi wameshanipigia. Wakikupigia usiwape mwanya. Hajafunga mdomo, simu hiyo! Kama si yeye ningebabaika." Akampapasa binti yake bega. "Usaili ulikuwaje? Umewaambia una alama nzuri?"

"Niliwaambia."

"Wamesemaje?"

Sindano alimtazama. Mwanamke yule alikuwa amekaa miaka minne akila mara moja kwa siku ili mtaa usijue. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amemshinda mtu, na uso wake ulikuwa mzuri.

"Watatuambia," alisema Sindano. "Umefanya vizuri, mama."

Kisha akatoka nje, akakaa nyuma ya choo cha majirani, akalia mpaka akatapika.

Kesho yake mchana Mama Shela alituma kitambaa. Cheupe, kizito, kile cha bei. Mama mtu alikigusa kwa mgongo wa mkono asikichafue.

"Koti la daktari! Mtoto wake amechaguliwa kule kule kwenu, mwanangu. Huenda mkakaa darasa moja. Anakuja sasa hivi kupimwa. Utampima wewe, mimi nimalizie upindo wa hili gauni."

"Mama, mimi siwezi."

"Huwezi nini? Yule mwanamke ametusitiri jana. Chukua tepu."

Kipenzi alifika akiwa ameshuka kwenye gari, viatu vinang'aa, shati la viraka halipo. "Shikamoo, fundi," alisema. Mama mtu akaitikia kwa heshima zote, akamfutia kigoda, akarudi kwenye cherehani yake. Pedali ikaanza kugonga.

Sindano alimpima mabega. Akampima mikono. Hakumwangalia usoni hata mara moja. Alipozungusha tepu shingoni kwa ajili ya kola, vidole vyake vilichelewa kidogo pale, na sitawaambia alikuwa anawaza nini.

"Sindano," Kipenzi alinong'ona. "Nisikilize. Nina tatizo."

"Wewe huna tatizo. Geuka."

"Chuo kinanitangaza Jumamosi. Watakuja wafadhili, watakuja waandishi. Na yule Mwenyekiti ameguswa sana. Kila saa ananipigia." Akameza mate, na tepu ikapanda na kushuka. "Anataka kwenda na mimi gerezani kabla ya sherehe. Eti baba asikie habari njema kutoka kinywani mwangu, na yeye ampe mkono."

Sindano aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliyaona macho ya kijana yule, na ndani yake hakuona kiburi. Aliona hofu tupu.

"Si umwambie ukweli?"

"Nitanyang'anywa kiti! Mama ataaibika mji mzima! Nimefikiri usiku kucha. Wafungwa si wanapenda kutembelewa? Nitampelekea chochote anachotaka. Atasema tu 'mwanangu' mara moja au mbili mbele ya yule mama, basi." Alimshika Sindano kifundo cha mkono. "Wewe anakupenda. Ukimwomba atakubali. Ukinisaidia, mama yangu atakutafutia chuo kingine, hata cha nje. Tafadhali. Mimi baba yangu yuko ofisini kwake, ananenepa. Sina baba jela, Sindano. Niazime wako."

Maskini, kijana huyu hajazoea kunong'ona. Na mshono ulikuwa umefika mwisho wa kitambaa wakati huo huo, cherehani ikanyamaza, na maneno yale ya mwisho yakabaki peke yake chumbani.

Mama mtu aligeuka polepole kwenye kigoda chake. Mguu ulikuwa bado juu ya pedali. Hakumwangalia Kipenzi kabisa, kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Alimwangalia binti yake, na ule uso mzuri wa jana haukuwepo tena.

"Wewe," alisema. "Umemwambia nani kwamba baba yako yuko jela?"